Maswali ya Wasomaji: Duka la Mtandaoni Linapojenga Ghala Karibu Nawe

Barua nyingi zilizotufikia kwa ajili ya safu hii zimehusu jambo moja. Kampuni kubwa ya biashara ya mtandaoni, ambayo wasomaji waliizoea kama tovuti tu, sasa inafungua maghala, inaajiri watu, inaweka vituo vya kuchukulia mizigo na kutangaza huduma ambazo hazikuwa zake tangu mwanzo. Kwa kuwa hakuna kampuni ya aina hii ambayo mwenendo wake umechunguzwa na kuandikwa kwa kina kuliko Amazon ya Marekani, mifano mingi nimeichota huko. Utaratibu wenyewe haubadiliki sana kutoka nchi moja hadi nyingine.

SWALI: Siku zote nilidhani kwamba faida ya maduka ya mtandaoni ni kutokuwa na gharama za majengo. Iweje sasa yanajenga majengo makubwa kuliko ya wenye maduka ya kawaida?
*Mnunuzi wa muda mrefu*

JIBU: Ndugu msomaji, dhana yako ilikuwa sahihi hapo mwanzo. Amazon ilipoanza kuuza vitabu mjini Seattle mwezi Julai 1995, ilipokea oda kwanza, kisha ikakiagiza kitabu kwa wauzaji wa jumla, ikakifunga na kukituma kwa posta. Haikuhitaji kuweka akiba kubwa. Lakini utaratibu huo ulimlazimu mteja kungoja, na mteja anayengoja anaweza kubadili nia, au kukipata kitabu chenyewe dukani kabla kifurushi hakijafika. Ndiyo sababu mwaka 1997 kampuni ilifungua ghala la pili katika jimbo la Delaware, upande wa pili wa nchi, na haijaacha kujenga tangu hapo. Unachonunua kwa kampuni hizi ni bidhaa pamoja na muda wa kuifikisha, na muda hauwezi kupunguzwa iwapo mzigo wenyewe umelala mbali. Lazima uwe umekwisha kusogezwa karibu nawe kabla hujauagiza.

Inafaa kueleza kidogo kinachoendelea ndani ya ghala la namna hiyo, maana hapo ndipo siri ilipo. Anayeingia kwa mara ya kwanza hushangaa kuona kwamba bidhaa hazikupangwa kwa aina. Katika kishubaka kimoja utakuta kitabu cha hesabu, brashi ya nywele na waya wa kuchajia simu; na brashi nyingine za aina ileile zimetawanywa katika vishubaka vilivyo mbali na hicho. Hilo limefanywa kwa makusudi. Kila kishubaka kina alama ya mistari, na kila bidhaa ina yake; mfanyakazi anayepanga huzisoma zote mbili kwa kifaa cha mkononi, na kompyuta huhifadhi mahali kitu kilipo. Kwa kuwa brashi zimetawanyika, oda inapoingia daima kuna moja iliyo karibu na mtu wa kuichukua, na kwa kuwa kishubaka hakina vitu viwili vinavyofanana, ni vigumu kuchukua kisicho chenyewe. Mwaka 2012 Amazon iliinunua kampuni ya Kiva kwa dola milioni 775 ili kupata roboti zake, ambazo ni mashine bapa zinazojipenyeza chini ya rafu, zikainyanyua na kuipeleka kwa mfanyakazi aliyesimama mahali pamoja. Yaani rafu ndiyo inayomfuata mtu.

Kutoka hapo kifurushi huenda kwenye kituo cha kuchambulia mizigo, kisha kwenye kituo kidogo cha usambazaji kilicho pembezoni mwa mji, na hatimaye hupakiwa garini kuja mlangoni kwako. Hatua hii ya mwisho ndiyo fupi kuliko zote kwa umbali, na mara nyingi ndiyo ya ghali kuliko zote, kwa sababu gari linalobeba mizigo ya watu wengi linalazimika kusimama katika kila mlango kwa ajili ya kifurushi kimoja. Dawa yake ni wateja kuwa wengi katika mtaa mmoja. Dereva anayeacha vifurushi kumi na viwili katika barabara moja anagharimu karibu sawa na yule anayeacha vitatu, lakini gharama ya kila kifurushi ni tofauti kabisa. Ukilielewa hili, utaelewa kwa nini kampuni iliyokwisha kuweka kituo chake jirani haitatosheka kuwa na wateja wachache pale. Itataka mtaa mzima, na itataka kila nyumba iagize mara kwa mara.

SWALI: Binti yangu ananishawishi nijiunge na uanachama wa kulipia wa duka hilo, akisema mizigo italetwa bure na kuna sinema pia. Je, nikubali?
*Mama wa watoto wawili*

JIBU: Mama, utaratibu huo ulianzishwa na Amazon mwezi Februari 2005 kwa jina la Prime, kwa ada ya dola 79 kwa mwaka, na ahadi yake ilikuwa moja tu: mizigo kufika ndani ya siku mbili bila malipo ya usafirishaji kwa kila oda. Baadaye yakaongezwa filamu, muziki na mengine. Aliyekwisha kulipa ada hujiona anapoteza fedha kila anaponunua kwingine, na hilo ndilo linaloifanya kampuni izidi kuutajirisha uanachama wenyewe kwa huduma ambazo hazihusiani na vifurushi hata kidogo.

Kwa hiyo usihesabu orodha ya huduma zilizomo. Chukua risiti zako za mwaka uliopita, jumlisha ulicholipa kwa usafirishaji, kisha ulinganishe na ada. Kama ada ni kubwa zaidi, na hizo sinema hamkuwa mkizilipia popote, achana nayo. Ukijiunga, hakikisha mapema unajua namna ya kujitoa. Mwezi Septemba 2025 Amazon ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 kumaliza kesi iliyofunguliwa na Tume ya Biashara ya Serikali Kuu ya Marekani, ambayo ilidai kwamba watu waliingizwa katika uanachama bila kuridhia ipasavyo na kwamba njia ya kujitoa ilifanywa kuwa ya mzunguko. Kampuni haikukiri kosa, lakini sehemu kubwa ya fedha hizo, dola bilioni 1.5, ilitengwa kurudishiwa wateja.

SWALI: Ninatengeneza na kuuza mikoba. Watu wa kampuni hiyo wamenialika niuze bidhaa zangu katika jukwaa lao, wao wakizihifadhi na kuzisafirisha. Wenzangu wengine wanasema ni bahati, wengine wanasema ni mtego. Naomba ushauri wako wa dhati.
*Mfanyabiashara mdogo*

JIBU: Barua yako ndiyo iliyonishughulisha kuliko zote, kwa sababu uamuzi wako unagusa riziki yako na ya watu unaowaajiri.

Kwanza fahamu unaingia katika nini. Tangu mwaka 2000 Amazon imewaruhusu wafanyabiashara wengine kuuza ndani ya tovuti yake, na leo zaidi ya nusu ya vitu vinavyouzwa humo ni vya wafanyabiashara hao, wala si vya kampuni yenyewe. Mwaka 2006 ikaongeza huduma kama hiyo uliyoahidiwa: unapeleka shehena yako katika ghala lao, na wao wanahifadhi, wanafunga, wanasafirisha na kupokea zinazorudishwa. Kwa mtu mwenye karakana ndogo, faida yake ni ya kweli kabisa. Mkoba wako unaweza kumfikia mteja aliye mbali kwa kasi ileile ya bidhaa ya kiwanda kikubwa, na wewe ukabaki karakanani ukishona badala ya kushinda posta.

Sasa kaa na kalamu. Tuseme mkoba unauzwa kwa 100, kwa fedha yoyote unayotumia. Kamisheni ya jukwaa, ambayo kwa Amazon ni karibu asilimia 15 kwa aina nyingi za bidhaa, inachukua 15. Tuseme ngozi, uzi, zipu na ujira vimekugharimu 35, kuufikisha mkoba ghalani 5, na ada ya kufunga na kuupeleka kwa mteja 18. Matangazo ndani ya jukwaa lenyewe, ambayo wengi huanza wakidhani ni ya hiari, tuyape 10. Ukitenga 5 kwa ajili ya mikoba itakayorudishwa, umebakiwa na 12, na bado hujalipa ada ya hifadhi kwa mikoba iliyokaa ghalani muda mrefu bila kununuliwa. Namba hizi ni za mfano, weka zako. Kama bei unayouza leo haiwezi kubeba makato hayo, usijidanganye kwamba wingi wa mauzo utaokoa hesabu. Hasara ikizidishwa mara mia inabaki kuwa hasara, tena kubwa zaidi.

Kuna la pili, nalo ni zito kuliko ada. Mwenye jukwaa ndiye anayeamua mteja aone bidhaa ya nani kwanza. Wauzaji kadhaa wakiwa na bidhaa moja, mmoja wao ndiye anayewekwa nyuma ya kitufe cha kununulia, na wengine hubaki katika orodha ambayo wateja wachache huifungua. Mwenye jukwaa pia anaona kila mkoba unaouza, rangi inayopendwa, bei inayokubalika, na wakati huohuo naye ni muuzaji. Tume ya Ulaya ililichunguza jambo hilo, na mwezi Desemba 2022 Amazon iliahidi kutotumia taarifa zisizo za wazi za wauzaji huru katika kushindana nao, na kuwatendea kwa usawa katika kuchagua anayewekwa kwenye kitufe hicho. Nchini Marekani, mwezi Septemba 2023, Tume ya Biashara pamoja na majimbo 17 iliishtaki kampuni ikidai, pamoja na mengine, kwamba inawaadhibu wauzaji wanaouza kwa bei ya chini kwingineko. Kampuni imeyakana madai hayo.

Ushauri wangu ni kwamba uingie, lakini kwa mguu mmoja. Peleka aina mbili au tatu za mikoba, zile ambazo faida yake inastahimili makato, na mikoba yako bora ya kuagizwa maalumu ibaki kwako. Usifunge njia yako mwenyewe ya kuuzia, hata kama ni ukurasa mdogo na namba ya simu, kwa sababu anayenunua kupitia jukwaa ni mteja wa jukwaa, na kwa kawaida hupewi anwani yake ya barua pepe wala ruhusa ya kumtafuta tena. Soma kwa makini kifungu kinachoeleza ni kwa sababu zipi akaunti yako inaweza kusimamishwa, fedha zako zitashikiliwa kwa muda gani, na shehena iliyomo ghalani utairudishaje na kwa gharama ya nani. Aliyeweka mali yake yote humo, siku akaunti inaposimamishwa, hata kwa makosa, anakuwa hana bidhaa, hana fedha na hana wateja kwa wakati mmoja. Hilo sitaki likupate.

SWALI: Mimi ni diwani. Halmashauri yetu imeombwa kuipa kampuni hiyo ardhi kwa bei nafuu na msamaha wa kodi ili ijenge kituo chake kwetu. Tupime vipi?
*Mwakilishi wa wananchi*

JIBU: Mheshimiwa, tuanze na kisa kinachojulikana. Mwezi Septemba 2017 Amazon ilitangaza kwamba inatafuta mji wa kujenga makao makuu yake ya pili, na maombi 238 yakapelekwa, mengine yakiwa na ahadi za misamaha mikubwa mno. Mwezi Novemba 2018 ilichagua sehemu mbili, Arlington katika jimbo la Virginia, na Long Island City jijini New York. New York ilikuwa imeahidi vivutio vya karibu dola bilioni 3 kwa ajira 25,000. Wakazi na baadhi ya wanasiasa walipinga, na mwezi Februari 2019 kampuni ikajitoa. Miji mingine mingi, pamoja na kukataliwa, ilikuwa imekwisha kuikabidhi kampuni taarifa za kina kuhusu ardhi yao, barabara zao na nguvukazi yao.

Wenu si mradi wa makao makuu, ni kituo cha mizigo, na hapo mna nguvu zaidi ya mnavyodhani. Makao makuu yanaweza kujengwa popote. Kituo cha usambazaji lazima kiwe karibu na wateja, kwa sababu nilizozieleza katika jibu la kwanza. Kama watu wenu wananunua kwa wingi, kampuni itakuja pasipo msamaha, na kila mnachosamehe mnakisamehe kwa jambo ambalo lingefanyika hata hivyo. Waombeni wataalamu wenu wawaeleze kwanza umbali kutoka kituo chao cha sasa hadi kwa wateja wenu. Namba hiyo moja itawaambia mengi kuliko vitabu vya picha mtakavyoletewa.

Ajira zisihesabiwe kwa idadi pekee. Ulizeni ni ngapi za kudumu, ngapi za msimu wa sikukuu, na ngapi ni za kampuni yenyewe. Madereva wengi wanaovaa sare za Amazon nchini Marekani wameajiriwa na makampuni madogo yaliyoingia mkataba nayo kupitia mpango ulioanzishwa mwaka 2018, kwa hiyo dereva akiumia au akidai malipo, anaelekezwa kwa mwajiri mwingine. Ulizeni pia kuhusu magari: yataingia na kutoka saa ngapi, kwa barabara ipi, na nani ataitengeneza ikichakaa.

Kisha wekeni masharti ya kudai fedha zirudishwe iwapo ajira hazitatimia au kituo kitafungwa. Kufungwa hutokea. Mwezi Machi 2022 Amazon ilitangaza kuyafunga maduka yake 68 ya vitabu na bidhaa mchanganyiko nchini Marekani na Uingereza. Mwezi Januari 2025 ilitangaza kuyafunga maghala yake yote saba katika jimbo la Quebec nchini Kanada, na wafanyakazi wa kudumu wapatao 1,700 wakapoteza kazi. Miezi michache kabla, wafanyakazi wa ghala mojawapo, lililoko Laval, walikuwa wameunda chama. Kampuni ilisema hatua hiyo haikutokana na chama hicho.

Na kodi ya mauzo msiisahau. Kwa miaka mingi wafanyabiashara wa Marekani wenye maduka ya kawaida walilalamika kwamba wao wanatoza kodi ilhali mshindani wa mtandaoni hatozi, kwa sababu uamuzi wa Mahakama Kuu ya nchi hiyo wa mwaka 1992 uliyazuia majimbo kumlazimisha muuzaji asiye na jengo ndani ya jimbo kukusanya kodi hiyo. Kadiri Amazon ilivyojenga maghala, ndivyo ilivyolazimika kukubali, na kufikia mwezi Aprili 2017 ilikuwa ikikusanya kodi katika majimbo yote yenye kodi ya mauzo, mwaka mmoja kabla mahakama hiyohiyo haijaubatilisha uamuzi wake. Haki kwa wenye maduka wenu waliokwisha kulipa kodi miaka yote ni jambo ambalo ningeliweka mezani kabla ya kuzungumzia msamaha wowote.

SWALI: Kijana wangu ameitwa kazini katika ghala lao. Nisikiapo habari za kazi hizo napata hofu.
*Mzazi*

JIBU: Hofu yako ina msingi, ila isikufanye umzuie kijana kabla ya kujua masharti yenyewe. Mshahara mara nyingi si mbaya ukilinganisha na kazi nyingine zisizodai cheti. Mwezi Novemba 2018 Amazon ilipandisha kima chake cha chini nchini Marekani hadi dola 15 kwa saa, zaidi ya maradufu ya kima cha chini cha serikali kuu wakati huo. Tatizo ni mwendo wa kazi. Kifaa kilekile kinachosoma alama za bidhaa kinarekodi pia ni vitu vingapi mfanyakazi ameshughulikia na alisimama kwa muda gani, na kupinda na kunyanyua mara mamia kwa zamu moja huumiza mgongo na mabega. Wafanyakazi wa ghala la Staten Island jijini New York, waliopiga kura ya kuunda chama mwaka 2022, walikuwa wakilalamikia mambo ya aina hiyo. Jimbo la California nalo lilitunga sheria, iliyoanza kutumika Januari 2022, inayowataka waajiri wa maghala makubwa kumweleza mfanyakazi kwa maandishi kiwango anachotakiwa kufikia, na inayokataza kiwango kinachomnyima mapumziko au kwenda msalani.

Basi mwambie kijana aulize kabla ya kutia sahihi: kiwango ni kipi, asipokifikia inakuwaje, ni nani hasa mwajiri wake kwenye karatasi, na akiumia atatibiwa kwa gharama ya nani. Nakala ya mkataba aiache nyumbani kwako.

SWALI: Nilinunua spika katika tovuti kubwa, ikaja ya bandia. Nilipolalamika nikaambiwa si wao waliouza. Inawezekanaje?
*Mteja aliyevunjika moyo*

JIBU: Inawezekana, na pole sana. Katika ukurasa wa bidhaa, karibu na bei, huwa kuna maandishi madogo yanayotaja majina ya pande mbili: aliyeuza na aliyesafirisha. Sanduku linaweza kuwa la kampuni kubwa, likatoka ghalani mwake, likaletwa na gari lake, na bado muuzaji akawa mtu mwingine kabisa. Siku nyingine soma jina la muuzaji, libonyeze, tazama ameuza kwa muda gani na wateja wanasema nini, hasa waliompa alama za chini. Ukiona bei imeshuka mno kuliko kwa wauzaji wengine wote wa bidhaa ileile, usinunue.

Kwa hiyo spika uliyokwisha kuilipia, usiitupe, wala usikubali kumalizana na muuzaji kwa simu au kwa ujumbe wa nje ya tovuti. Ipige picha, pamoja na kifungashio na namba zake, ufungue dai ndani ya akaunti yako mapema, maana majukwaa makubwa huwa na dhamana ya mnunuzi ambayo ina ukomo wa siku. Ikikataliwa, peleka picha na majibu yao kwa aliyekutolea kadi au huduma ya malipo, umwombe abatilishe malipo hayo, kisha kwa mamlaka inayolinda walaji katika nchi yako.